Ulimwambia?

Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha chuma, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, saa nane mchana jua la Malindi linapiga mabati mpaka yanalia, na mwenzangu wa darasani ananigeuza ubavu. Ilikuwa zamu yangu kuwa mgonjwa. Chuo chetu kina mwanasesere mmoja tu wa mazoezi na mguu wake mmoja ulishatoka zamani, kwa hivo tunageuzana wenyewe kwa wenyewe, leo wewe mgonjwa kesho mimi. Huyo mwenzangu ni mtu mzuri walahi, kila asubuhi tunagawana mahamri na mbaazi. Lakini alinishika bega na nyonga akanivuta hivi, paap, bila neno, huku anabishana na mwengine juu ya tamthilia ya jana usiku, shuka likanitoka mgongoni, nikabaki natazama ukuta.

Nikafumba macho.

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimevaa nguo zangu zote, buibui peke yake ndio nilikuwa nimelitundika mlangoni, hakuna alichokiona mtu. Lakini nilifumba macho kama anayengoja sindano, nikasubiri yaishe.

Madam akaja akasimama miguuni pa kitanda. Akamuuliza mwenzangu neno moja.

"Ulimwambia?"

"Kumwambia nini Madam?"

"Kwamba unamgeuza."

Darasa likacheka. Mie pia nikacheka, manake ukicheka hakuna anayekuuliza una nini. Lakini hii ni wiki ya saba sasa na hilo neno halijanitoka, nikiwa kwenye tuktuk liko, nikiosha vyombo liko, juzi niko katikati ya swala likaja. Nikaona bora niliandike huenda likapungua.

Kozi ya kuosha wazee

Wanaonijua wanajua habari ya nyanya. Stroku ilimpiga upande wa kulia mwaka 2021, mdomo ukaenda upande, maneno yakapotea, akalala miaka mitatu kasoro. Mamangu alikuwa anakwenda sokoni kuuza, kwa hivo mie ndio nilokuwa naye mchana na usiku. Alipofariki kila mtu mtaani akanambia una mkono wa kuuguza wewe, nenda kasomee. Nikaenda kusomea usaidizi wa muuguzi, hii wanayoiita CNA, ambayo mtaani kwetu ina jina lake: kozi ya kuosha wazee.

Shangazi yangu aliposikia nalipa karo alishika kiuno. "Ulipe pesa ufundishwe kuosha mtu? Si nyanyako ulimuosha bure?"

Nilimjibu majibu marefu ya heshima lakini moyoni nilikubaliana naye. Nilikwenda nikiamini nakwenda kuchukua cheti cha kitu ninachokijua.

Siku ya kwanza tukafundishwa kunawa mikono. Mimi niko na miaka 27 na Mwislamu wa kutawadha mara tano, nikarudishwa kwenye bomba mara nne. Vidole vitazame chini maji yasirudi kwenye viwiko, sekunde zisipungue 20, kati ya vidole, chini ya kucha, halafu bomba ufunge kwa karatasi manake ulilishika na mkono mchafu. Hapo ndio kiburi kilianza kunipungua kidogo.

Kisha vipimo. Mapigo ya moyo kwa mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika, kupumua ni mara 12 hadi 20. Na hapa kuna kitu kilinichekesha: kila kitu unamwambia mgonjwa kabla hujakifanya isipokuwa kuhesabu pumzi. Ukimwambia nahesabu unavyopumua tu basi, anaanza kupumua kama anapigwa picha. Kwa hivo vidole unaviacha kwenye kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo, na macho yako kifuani kwake.

Siku ya nguo ndio ilonimaliza. Mtu aliyepooza upande mmoja ukimvisha unaanza na mkono mgonjwa, ukimvua unaanza na mkono mzima. Basi, ni hivo tu, sekunde tano kulisema. Mkono mgonjwa haukunjiki wala haujisaidii, kwa hivo nguo iuendee ule kwanza ingali imelegea, na ule mzima utajitafutia njia mwenyewe.

Nyanya tulimkatia madera matatu.

Tulikuwa tunaanza na mkono mzima kwa sababu ndio rahisi, tukifika kwa ule wa kulia nguo imeshakaza, tunavuta, anaguna, tunavuta tena, mwisho mamangu anachukua mkasi anakata kutoka shingoni mpaka begani halafu tunafunga kwa pini. Lile dera la tatu lilikuwa la kijani, alinunuliwa Idi, bado mkato wake naukumbuka ulivyokuwa umekwenda upande kwa sababu mkasi ulikuwa butu. Na mie nimekaa darasani Madam anasema mkono mgonjwa kwanza, halafu anaendelea na soksi za miguu kama hajasema kitu.

Kata

Wiki ya tatu tukafika kwa vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, manake pale mfupa unapokandamiza ngozi juu ya godoro damu haipiti. Makalio, nyonga, visigino, viwiko, hata kisogo. Vitabu vinasema utafute wekundu. Madam akatuambia wekundu mtautafuta sana kwa ngozi zetu, nyinyi angalieni palipokoza weusi au pakawa kama zambarau, halafu gusa kwa mgongo wa mkono usikie pana moto au pamekuwa pagumu.

Sisi nyumbani tulikuwa na utaalamu wetu. Nyanya alipoanza kukoza pale chini ya uti wa mgongo, nilikunja leso nikasokota kata, ile ile ya kubebea ndoo kichwani, nikamlaza juu yake ili pale mahali paning'inie pasiguse kitu. Na kila jioni nilikuwa nasugua kwa mafuta ya nazi, kwa nguvu zangu zote, ili damu itembee. Majirani walikuwa wanakuja kuona. Nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa.

Kumbe ngozi ilokwisha kukandamizwa hivo haisuguliwi, unaimalizia. Na kitu cha duara chenye tundu katikati hakiwekwi chini ya mgonjwa, kwa sababu ule mviringo unakaba damu pande zote na pale katikati ndio panazidi kukosa.

Kile kidonda kilifunguka baada ya wiki mbili. Tulisema ni sukari. Nyanya hakuwa na sukari.

Sijawahi kumwambia mamangu hili la kata. Nimeanza mara mbili nikabadilisha mazungumzo.

Voisi kutoka Minnesota

Nusu ya darasa letu wanataka kuondoka. Nawaelewa, siwacheki. Lakini Uingereza walifunga mlango Julai 2025, waajiri wa kule hawawezi tena kumwombea viza mpya mtu wa kutunza wazee aliyeko nje, na bado kuna ejenti mmoja anapita vyuoni na fomu za Uingereza anachukua pesa ya kujiandikisha. Watu wanalipa. Nilijaribu kusema kwenye grupu ya darasa nikaambiwa nina roho mbaya.

Na si lazima uvuke bahari. Wasichana wawili wa darasa lilotutangulia wako Casuarina hapo kwa wazee wa Kitaliano, manake wale walokuja zamani kujenga majumba wakiwa na nguvu zao sasa wamezeeka kama wazee wengine, goti halipandi ngazi, na watoto wako kwao Ulaya. Mmoja ananambia siku nzima ni piano piano, yaani pole pole, na mzee wake ukimgeuza upande asioutaka anakutukana matusi ambayo watoto wa beach wote wanayajua maana.

Mtoto wa ami yangu yeye yuko Minnesota, ni CNA mwaka wa sita huu, zamu ya jioni. Nilimtumia meseji kumuuliza mambo ya kozi akanirudishia voisi za dakika saba saba akiwa kwenye gari. Ndio alinambia kwamba kule ni sheria ya mwaka 1987: ili ufanye kazi kwenye nyumba za wazee upate mafunzo yasiyopungua saa 75, na 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya usimamizi, halafu mtihani wa maswali na mtihani wa mikono, ndio unaandikwa kwenye rejista ya jimbo. California wao wanataka saa 160. Na cheti cha huku hakikuingizi kwenye rejista ya kule hata kiwe na mihuri kumi, ukifika unafanya mtihani wao.

Nikamwambia mashallah wenzetu wanajali wazee. Akacheka. Akasema hio sheria hawakuileta kwa huruma, ililetwa kwa sababu wazee walikuwa wakifungwa kwenye viti na vitandani siku nzima na kupewa dawa za kuwalaza ili wafanyakazi wapumzike, na kelele zilipokuwa nyingi ndio ikaandikwa kwamba mzee hafungwi kwa ajili ya starehe ya mtu wala kwa adhabu.

Nilisimamisha ile voisi hapo.

Nyanya tulimfunga mkono.

Ilikuwa ni ule wa kushoto, mzima, kwa sababu alikuwa anauvuta mpira wa mkojo mpaka damu. Tulimfunga na leso kwenye mbao ya kitanda, si kwa kukaza, fundo la sungura, na tulikuwa tunamfungua wakati wa kula. Usiku wa kwanza alilia. Usiku wa pili hakulia nikaona alhamdulillahi amezoea.

Halafu ile voisi ilipoendelea dada akasema kitu kama anapita njia tu, anatafuta maegesho: "Na huku mzee akisema haogi, haogi. Ni haki yake. Unaandika amekataa, unamwambia sista, unarudi baadaye unamuuliza tena."

Unaandika amekataa! Nilirudia hapo mara tatu. Kwetu mgonjwa hakatai. Mgonjwa "anasumbua".

Wodi nzima inapumua 18

Atachimenti nimefanya kwenye hospitali moja, jina litabaki kwangu, wodi ya wanawake. Kwenye darasa kitanda kina pazia pande zote na mgonjwa ni mmoja. Wodini pazia ni moja kwa vitanda sita na gurudumu lake limekwama. Kugeuza kila saa mbili kunafanywa na ndugu wa mgonjwa akiwepo, na kama hayupo Mungu yupo. Sisemi hivi kulaumu masista, niliwaona wanavyokimbia, sista mmoja na wodi nzima na mwanafunzi kama mimi ambaye kila dakika anauliza glavu ziko wapi.

Ntakiri kosa langu hapa hapa. Siku ya tatu nilipewa nipime wagonjwa wote kabla daktari hajapita. Presha na joto nilipima kweli. Mapigo nilihesabu kweli. Pumzi nikaona ah, dakika nzima kwa kila mtu ntamaliza saa ngapi, nikaandika 18. Kote. Kitanda cha kwanza 18, cha pili 18, mpaka mwisho.

Sista mkuu akachukua zile chati akazipanga juu ya meza kama karata. Hakupaza sauti. "Wodi yangu nzima inapumua 18," akasema. "Hii ni kwaya?"

Halafu akanishika mkono akanipeleka mpaka kitanda cha tisa tukasimama pale, mie na yeye, dakika nzima kwa saa ya ukutani, tukitazama kifua cha mama mmoja aliyelala. Pumzi zilikuwa 31. Yule mama akahamishwa karibu na oksijeni asubuhi ile ile. Alipona, nimemuona anaondoka na bodaboda. Lakini nikifikiria ile 18 niloiandika kwa kalamu ya buluu tumbo linanikata mpaka leo.

Fundo la leso

Kitanda cha nne alikuwa hawe, yaani bibi, mmoja wa Kigiriama kutoka upande wa Ganda, amevunjika nyonga, ndugu yake wa kumlinda ameenda shamba na hajarudi. Kwenye daftari la zamu walikuwa wameandika mkorofi. Alikuwa ameng'ata mwanafunzi.

Nikaja na beseni langu na taulo mbili na ule wimbo wetu wa darasani, salaam aleikum mama, naitwa fulani, mimi ni mwanafunzi, nimekuja kukuogesha, je uko tayari. Na hapa niseme kitu kinachonikera kwenye haya mafunzo, kwenye mtihani ukisahau kugonga mlango au kujitambulisha unapoteza alama, kwa hivo wote tumeukariri ule wimbo na tunauimba hata usoni hatumtazami mtu. Mwenzangu mmoja alimuimbia yule mwanasesere wa mguu mmoja, na "je uko tayari" yake, akajibu mwenyewe "ndio". Alipata alama zote.

Hawe akanijibu kwa lugha yake, neno moja, kwamba hataki.

Nikakwama. Wimbo hauna ubeti wa pili.

Nyuma yangu sista anataka wodi nzima iwe imeoshwa kabla ya raundi, mbele yangu mtu mzima amesema hataki, na kichwani voisi ya Minnesota, unaandika amekataa. Ningeandika wapi, kile kijisafu hakipo kwenye fomu zetu. Nikaweka beseni chini nikavuta ndoo nikaigeuza nikakaa. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu na Kigiriama changu cha sokoni: hawe, ni maji yako baridi? Akatikisa kichwa. Ni mimi, unataka mkubwa wangu? La. Panauma? Panauma, ndio, lakini si hivo. Ilichukua kama dakika kumi, na mwisho hakunijibu kwa maneno, alinionyesha leso yake. Pembeni pana fundo, dogo hivi, gumu, limekazwa mpaka kitambaa kimekuwa cheusi.

Kila wanapomuogesha wanamvua leso wanaitupa kwenye kiti. Ndani ya lile fundo mlikuwa na nauli yake ya kurudi nyumbani na tumbaku yake. Hakuwa anakataa maji hata kidogo.

Nikamuuliza, ukilishika mwenyewe? Akashika. Nikaanza na macho kama tulivofundishwa, maji matupu bila sabuni, kutoka ndani karibu na pua kwenda nje, upande mwengine wa kitambaa kwa jicho la pili. Uso. Shingo. Kila ninapofika nafunika ninapotoka kwa taulo kavu, mkono mmoja tu ndio unabaki wazi kwa wakati mmoja. Mkono wa kulia niliuosha ukiwa umefumba ngumi, nilipitisha kitambaa juu ya ngumi na chini ya ngumi, na hakufungua, na mie sikumwambia afungue.

Raundi ikafika vitanda vitatu havijaoshwa. Nikafokewa mbele ya daktari, na haki yao kunifokea.

Nyanya alikuwa na siku zake za kutupiga. Ule mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu sana, siku moja alinipasua mdomo. Tukawa tunasema ugonjwa umempanda kichwani, mshike huko nimuoshe huku upesi upesi. Hakuwa na maneno ya kutuambia na sisi hatukugeuza ndoo tukakaa.

Fundo lake lilikuwa nini, sitajua.

Majani ya mkunazi

Halafu ndio nikakumbuka kitu ambacho nadhani ndicho kilichokuwa kinanisumbua tangu mwanzo, neno la Madam lilikuwa linakitafuta tu.

Nyanya alifariki 2024, alfajiri, adhana bado. Kabla jua halijatoka chumba kilishajaa wanawake, na akaja yule mama anayeosha maiti mtaani kwetu, mtu mfupi, sauti yake haisikiki ukiwa mlangoni. Mie nilipewa kushika mtungi wa maji. Wanawake wanne wakashika shuka juu kama hema ili hata sisi wa ndani tusione zaidi ya haja. Kutoka kitovuni mpaka magotini alikuwa na kitambaa na hakikuondoka hata mara moja, maji yalipita juu yake na mkono wa mwoshaji ulipita chini yake, umezungushiwa nguo ngozi isiguse ngozi. Akaanza na viungo vya udhu na upande wa kulia. Upande wa kulia! Ule tulokuwa tunauacha mwisho. Maji ya majani ya mkunazi, na yale ya mwisho ya kafuri, harufu ambayo nikiisikia dukani natoka.

Na alikuwa anamsemesha. Wengine wao hawasemi kitu ila dua, lakini huyu ni kawaida yake. Kabla ya kumuinamisha alisema, taratibu, kama anazungumza na mgeni wake: "Samahani bibi, twakugeuza sasa."

Nilikuwa nimesimama pale na mtungi. Nililia, kila mtu alidhani nalia kifo.

Miaka mitatu mie na mamangu tulimvua nyanya mlango wazi, majirani wanapita kutoa pole, mtoto wa shangazi anaingia kuchukua chaja. Tulimuosha vizuri, msinielewe vibaya, alikuwa safi, hakunuka hata siku moja na hio ilikuwa sifa yetu. Tulikuwa tunaongea juu yake bei ya samaki. Na hatukuwa watu wasiojua stara. Tulikuwa tunaijua yote, kitambaa cha kitovu mpaka goti, uanzie wapi, usiseme ulichokiona, mamangu ameosha maiti wangapi mwenyewe. Tuliiweka mpaka alipokata pumzi.

Naandika hivi na najua kuna atakayeniambia usijilaumu, mlifanya kwa mapenzi. Ndio. Ni kweli tulifanya kwa mapenzi. Lile dera la kijani pia tulilikata kwa mapenzi.

Jumamosi

Mtihani wa vitendo ni mwezi ujao. Unachaguliwa kazi tano bila kujua ni zipi, na ya kuogesha kitandani ndio kila mtu anaiogopa manake ni ndefu. Jumamosi nikamwomba mamangu alale nifanyie mazoezi kwake. Alikataa kwanza, ati yeye si mgonjwa nisimwitie ugonjwa. Halafu akaona nimeshatandika plastiki kwenye kile kitanda, akavua viatu.

Nikafunga mlango. Nikaweka taulo. Akawa kimya kidogo anatazama dari, lile boriti lenye alama ya moshi.

"Unajua ndio alikuwa akitazama hili," akasema.

"Nani?"

"Mamangu. Mchana kutwa. Tukianza kumuosha ndio alikuwa akifumba macho. Mimi nikawa nakwambia fanya haraka, amelala."

Sikumjibu. Nilitia mkono kwenye beseni nikaona maji yamepoa, nikaongeza ya kwenye chupa, nikampa atie na yeye vidole aone. Akasema yako sawa.

"Haya," akasema, macho kayakodoa kwangu, "niambie basi waanza wapi."

"Naanza na macho, mamangu. Sitatia sabuni."